Baba, Mwana na Mawindo: Historia ya Uwindaji wa Waturkana na Hatima ya Msamiati Wake

Mwenye kutaka kuandika kwa Kiswahili juu ya uwindaji wa yule mnyama atajwaye sana katika hadithi za Waingereza, mwenye pembe za matawi ambazo huanguka kila mwaka na kumea upya, hukabiliwa na tatizo la jina kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Wafasiri wa Biblia ya Union, walipofika Zaburi ya 42, walimwita ayala, neno lenye asili ya Kisemiti. Wafasiri wa hadithi za shuleni humwita kulungu, au paa. Kwa hakika yeye si kulungu wala si paa, kwa maana hao ni jamaa ya swala, na pembe za swala hazianguki. Mnyama mwenyewe, katika Afrika yote, hana nchi ya asili isipokuwa misitu michache ya Algeria na Tunisia. Basi ayala ni neno lililotufikia bila mnyama wake. Katika makala haya tunakusudia kutazama hali iliyo kinyume cha hiyo: wanyama wapo, maneno yapo, lakini kitendo kilichoviunganisha kimepigwa marufuku. Kitendo hicho ni uwindaji, hasa uwindaji mdogo wa watu wawili, baba na mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima; na nchi tutakayoitazama ni Turkana, kaskazini ya Kenya, ambako mawindo ni swala granti, swala twiga, choroa na dikidiki.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba uwindaji wa baba na mwana unaojulikana kuliko wote katika maandishi ya Afrika ya Mashariki haukuwa wa wenyeji. Tarehe 21 Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Baba alikuwa na umri wa miaka 50, mwana miaka 19, naye alikuwa ameacha masomo yake ya Harvard kwa muda ili afuatane na baba. Waliongozana na wataalamu wa elimu ya viumbe wa jumba la Smithsonian na wapagazi zaidi ya 200. Hadi walipofika Khartoum mwezi Machi 1910, wawili hao walikuwa wameua wanyama 512: baba 296, mwana 216. Twazijua hesabu hizi kwa sababu mwenyewe aliziandika katika kitabu chake cha 1910, mnyama kwa mnyama.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kukisoma kitabu hicho. Wapagazi waliwapa wageni wao majina, na Roosevelt akayaandika kama alivyoyasikia: yeye mwenyewe aliitwa “Bwana Makuba”, yaani Bwana Mkubwa, na Kermit “Bwana Merodadi”, yaani Bwana Maridadi. Katika majina hayo mawili twapata mambo mengi kuliko katika kurasa kadhaa za masimulizi. Mpagazi alimtazama baba akaona cheo. Alimtazama mwana akaona nguo. Wala sidhani kwamba mwenye kuitwa Maridadi aliambiwa kwa ukamilifu kiasi cha mzaha uliokuwamo ndani ya neno hilo.

Safari hiyo ilipita Kapiti, Sotik, Naivasha, Mlima Kenya na Uasin Gishu, kisha ikaelekea Uganda. Turkana haikufika. Lakini inatupa kipimo. Leseni ya uwindaji ya mgeni katika miaka hiyo ilikuwa pauni 50, na Idara ya Wanyamapori iliyoanzishwa mwaka 1907 ndiyo iliyosimamia mambo hayo. Chini ya sheria zizo hizo, mwenyeji asiye na leseni aliyefuata nyayo za swala pamoja na mwanawe alikuwa mjangili. Kwamba maofisa mara nyingine walifumba macho, hasa wakati wa njaa, hakuliondoi jina hilo.

Tukija Turkana, twakuta kwamba uwindaji wa nchi hiyo umeandikwa kwa namna mbili, na zote mbili zinaumiza. Namna ya kwanza ni ya wachimbuaji wa mifupa. Magharibi ya ziwa, huko Lomekwi, ziliopolewa zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, ambazo habari zake zilitangazwa mwaka 2015. Na huko Nataruk yalipatikana mabaki ya watu 27, wawindaji na wavuvi walioishi miaka 10,000 hivi iliyopita, wengi wao wakiwa wameuawa kwa silaha. Kazi hizi ni kubwa, nasi hatuzibezi. Lakini msomaji wake hubaki na fikira kwamba uwindaji wa Turkana ulikwisha pamoja na watu hao, na kwamba aliye hai huko ni mfugaji tu.

Namna ya pili humtaja mwindaji aliye hai, ila humtaja kama maskini. Kwa mfugaji, mtu alaye nyama ya porini ni mtu asiye na mifugo. Ngikebootok wa bonde la mto Turkwel, waliojulikana kwa kulima na kuwinda zaidi ya kufuga, walidharauliwa kwa ajili hiyo hiyo, na waandishi wengi wakaichukua dharau hiyo pasipo kuipima. Nadhani jambo hili ndilo lililotufanya tukose kumbukumbu zilizo nzuri. Mzee wa Kiturkana akiulizwa habari za ng'ombe atazungumza hadi usiku; akiulizwa habari za dikidiki atacheka, kwa kuwa anaona umemuuliza habari za njaa yake.

Hata hivyo biashara ya pembe za ndovu ilikwisha kuufanya uwindaji wa nchi hiyo kuwa jambo la pwani pia. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alikuwa mashuhuri katika njia za bara kabla ya Wazungu kuzifahamu. Joseph Thomson alisafiri naye mwaka 1883, kisha Teleki na von Höhnel wakamchukua katika safari iliyofika ziwani Machi 1888. Ziwa hilo walilipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, nalo lilidumu nalo mpaka 1975. Hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kusikiwa katika nchi hiyo, katika vinywa vya watu waliotafuta pembe. Kwa bahati mbaya hatuna orodha ya maneno waliyobadilishana.

Sasa tuje kwa baba na mwana wenyewe. P. H. Gulliver, aliyeandika juu ya Waturkana tangu 1951, alieleza desturi ambayo kila Mturkana anaifahamu: wanaume wote wamegawanyika pande mbili, Ngimor, yaani Mawe, na Ngirisae, yaani Chui. Mtu hachagui upande. Baba akiwa Jiwe, wanawe wote ni Chui, na wajukuu wake watakuwa Mawe tena. Babu na mjukuu ni wa upande mmoja. Baba na mwana huwa mbalimbali daima. Katika akiriket, yaani ile nusu duara ya wanaume wanapokula nyama kwa heshima, kila upande una mahali pake. Hivyo baba na mwanawe mtu mzima, hata wakiishi katika boma moja, hawaketi pamoja mbele ya nyama ya hadhara.

Zaidi ya hayo liko suala la mifugo. Gulliver katika kitabu chake cha 1955 alionyesha jinsi kundi la mifugo lilivyo kiini cha uhusiano wa baba na wana. Kijana hawezi kuoa bila mahari, na mahari imo mikononi mwa baba, ambaye pengine anataka kuoa mke mwingine kwa mahari iyo hiyo. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Desturi hii si ya Waturkana peke yao, na wasomaji wetu wengi wanaifahamu kutoka kwao.

Naona kwamba hapa ndipo ulipo umuhimu wa uwindaji mdogo, umuhimu ambao sijauona ukielezwa. Swala hana chapa ya mwenyewe. Hapelekwi kwa mahari, harithiwi, hagawanywi kati ya nyumba ya mke mkubwa na nyumba ya mke mdogo. Baba na mwana wanapomfuata, hawafuati mali ya yeyote kati yao. Na akipatikana, ni mdogo mno kwa akiriket. Huliwa pale pale, au huletwa nyumbani usiku. Kwa hiyo mahali ambapo Jiwe na Chui waliweza kula mnyama mmoja bila kugawana pande palikuwa vichakani, mbali na watu. Hili ni wazo langu, wala simbebeshi Gulliver. Lakini pasipo wazo kama hilo sioni jinsi ya kueleza kwa nini watu walioidharau nyama ya porini waliendelea kuifuata hata katika miaka ya neema.

Katika kazi hiyo palikuwa na lugha. Nichukue chombo kimoja tu. Waturkana, kama watu wengine wa kaskazini-mashariki ya Afrika, walitumia mtego wa pete: ni duara la nyuzi zilizosokotwa, ndani yake vimepangwa vijiti vikali vingi, ncha zote zikielekea katikati. Duara hulazwa juu ya kishimo katika njia ya mnyama. Juu yake hutandikwa tanzi, na ncha ya kamba hufungwa kwenye gogo. Kisha vyote hufunikwa mchanga. Mguu ukizama, vijiti huupokea ila haviurudishi, na tanzi hupata nafasi ya kukaza. Mnyama hukimbia akiburuta gogo, naye mwindaji husoma mfuo wake mchangani kama mtu asomaye mstari wa maandishi. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo niliuona mtego huu katika kabati la kioo la jumba moja la makumbusho, umehifadhiwa vizuri, na kadi yake ikitaja nchi, kabila na mwaka. Jina lenyewe la kienyeji halikuwapo, seuze majina ya sehemu zake.

Tena majina ya sehemu si kitu peke yake. Mwindaji alihitaji neno la upepo unaogeuka, neno la kinyesi cha asubuhi na la kinyesi cha jana, neno la unyayo uliokanyagwa na mnyama aliyeshtuka. Maneno kama haya hayafundishwi kwa kukaa. Hutamkwa kwa sauti ya chini, mara nyingi yakiwa nusu neno na nusu ishara ya mkono, na mwenye kuyasikia huyaelewa kwa kuwa kitu chenyewe kiko chini ya macho yake. Mzazi ndiye mwalimu, na njia ndiyo darasa.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kupatwa na hasara ya namna hiyo. Kamusi zetu zina rima, shimo la kunasia wanyama wakubwa. Zina mtambo kwa maana ya mtego, zina msasi kwa maana ya mwindaji, zina kuotea na kunyatia. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtambo kwake ni mashine. Kuotea amekusikia katika mpira wa miguu. Na mmoja aliwahi kunisahihishia “rima” kuwa “rina”, akidhani nimekosea kuandika habari za asali. Simlaumu. Kamusi imemhifadhia neno, lakini hapakuwa na mtu wa kumwonyesha shimo.

Sheria ilichelewa kufika Turkana. Nchi hiyo ilitiishwa kwa nguvu ya silaha, na msafara wa Labur wa mwaka 1918 ndio uliovunja upinzani mkubwa. Baadaye ikafanywa wilaya iliyofungwa, ambayo mgeni hakuingia bila kibali. Katika miaka hiyo mfugaji alichungwa zaidi kuliko mwindaji wa dikidiki. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya uhuru. Sheria ya Wanyamapori ya 1976 iliunganisha idara zilizohusika, na mwezi Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Mwaka uliofuata ikakataza biashara ya ngozi na pembe. Tanzania, iliyokuwa imefunga uwindaji mwaka 1973, iliufungua tena mwaka 1978. Kenya haikufungua.

Sababu ya marufuku hiyo ilikuwa ya kweli, na mwanahistoria hana budi kuitaja. Ndovu wa Kenya walikuwa wakiteketezwa. Walikadiriwa kuwa 167,000 mnamo 1973; kufikia 1989 walikuwa kiasi cha 16,000. Lakini hesabu hizo hizo zinaonyesha kwamba maangamizi makubwa yaliendelea baada ya 1977, kwa bunduki na kwa soko la mbali. Mwenye mtego wa pete hakuwa katika biashara hiyo. Naye alikatazwa siku ile ile, kwa tangazo lile lile, pamoja na tajiri mwenye leseni. Miaka miwili baadaye ikaja ile njaa ya 1979 hadi 1981, ambayo Waturkana huiita Lopiar kwa kuwa ilifagia kila kitu. Mtu aliyepoteza mbuzi wake wote alikuwa na swala mbele yake na sheria nyuma yake. Sheria ya 2013, kama ilivyotungwa, ilimtaja mwindaji wa kitoweo waziwazi: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili.

Kuna ushahidi mmoja unaosaidia kuona kilichotokea, nao unatoka upande wa wanawake. Uokotaji wa matunda ya porini haukupigwa marufuku. Mama na binti yake mtu mzima waendao kuokota bado huenda mchana, wakisema kwa sauti. Matokeo yake ni kwamba mtafiti aulizaye katika soko la Lodwar atatajiwa bila shida edome, edung, edapal, esekon na eengol, yaani mkoma, ambao majani yake husukwa vikapu viuzwavyo huko. Ataelezwa pia jinsi mbegu za edung zinavyochemshwa na maji yake kumwagwa mara kadhaa mpaka uchungu utoke. Nchi ni moja, ukame ni mmoja, kizazi ni kimoja. Elimu ya upande mmoja imepita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto; ya upande wa pili imekwama.

Nililiona jambo hili Nawoitorong, nje kidogo ya mji wa Lodwar, nilipokaa kwa ajili ya kukusanya maneno. Mzee mmoja alikubali kuzungumza nami, na mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto watatu, akawa mkalimani wetu. Kwa ng'ombe tulienda vizuri. Nilipofika kwenye mtego, mwana alinigeukia kabla ya kutafsiri.

“Mwalimu, hayo utayaandika?”

Nilimwambia kwamba ningeandika maneno tu, bila jina la mtu. Akafikiri kidogo, kisha akamwuliza baba yake kwa upole mwingi, akimwita baba mara mbili katika sentensi moja. Mzee alijibu kwa ufupi. “Mzee anasema hayo hayasemwi yakiwa matupu. Anataka nyuzi na miiba.” Tukatafuta nyuzi. Mzee alipoanza kusokota, maneno yalianza kutoka, moja moja, na mara tatu mwana aliacha kutafsiri kwa sababu alikuwa hayajui. Alimwuliza baba yake maana, akaonyeshwa kwa kidole, akarudia neno lenyewe midomoni mwake. Nilikuwa nimekuja kujaza daftari langu. Lakini kwa nusu saa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mgeni katika darasa lao. Mwana alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Pete ilipokamilika mzee aliikata kwa kisu, akatupa vipande motoni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Nilipouliza majina ya alama za nyayo, mzee alikataa kabisa. Mwana alinieleza kwamba si kwa hofu. Ni kwamba mchanga wa pale ulikuwa umekanyagwa na mbuzi na watu, hapakuwa na kitu cha kuonyesha.

Wakati huo huo kuna msamiati mwingine unaokua, nao haupasi kupuuzwa. Kaskazini-magharibi ya Lodwar iko kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ambayo miongoni mwa wakaaji wake wa kwanza walikuwa maelfu ya vijana wa Sudani waliotembea hadi huko bila wazazi. Kiswahili cha mahali kama hapo kina neno nyama pori, ambalo halimtaji mnyama wala mbuga wala njia ya kumpata. Lataja tu asili iliyofichwa. Kwa jambo lililokwenda mbali zaidi tuna mfano wa Tanzania. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2008, juu ya kambi za Kagera na Kigoma, ilieleza kwamba nyama ya porini huko iliitwa mchicha wa usiku. Ni sitiari nzuri, na mtu wa fasihi ataipenda. Lakini tuilinganishe na neno rima. Rima lilimwelekeza mtu mahali pa kuchimba na namna ya kutega. Mchicha wa usiku humwelekeza mtu jinsi ya kunyamaza mbele ya polisi. Aliyezaliwa kambini na kulijua neno hilo hawezi kulitumia kumpata hata sungura.

Kwa mintarafu ya kazi yetu ya kamusi, basi, haitoshi kumtuma mtafiti na orodha ya maswali. Orodha ya maswali humwendea mtu mmoja, na huyo mmoja huwa mzee, kwa kuwa tunadhani mzee ndiye ghala. Katika siku nilizokaa Nawoitorong, maneno 11 kati ya 14 niliyoyapata juu ya mtego yalitamkwa wakati mzee alipokuwa akimjibu mwanawe. Matatu tu alinijibu mimi. Ingefaa idara zetu za lugha ziombe kibali kwa wenye mamlaka ya wanyamapori, ili mzazi na mtoto wake mkubwa waweze kutembea vichakani siku mbili tatu bila silaha, mtafiti akiwa nyuma yao, na mbuzi wakiwa wameachwa nyumbani ili mchanga usomeke. Nyayo za dikidiki bado zipo kando ya Turkwel. Yule mwalimu wa shule alisema kwamba kibali kikipatikana wakati wa likizo ya Agosti, atakuwa na nafasi.